Serikali Iliyohamia Sudi

Valerian alikuwa mwenyekiti wa mtaa wao kule Mitwero kwa miaka kumi na tisa, na miaka yote hiyo hakuwahi kushindana na mtu. Sasa vimeletwa hivi vyama vingi, na Klementi muuza mitumba naye anataka kiti! Roho ilimuuma Valerian, tena ilimuuma kweli. Bila uenyekiti angekuwa nani? Mzee tu mwenye mikorosho minane.

Aliyemharibu kabisa ni fundi wa visima, Mnorwe mmoja mpole aliyependa kusimulia. Siku moja, wakila pweza, akampa habari za spika wa bunge la kwao, mhafidhina wa kweli kweli. Vita vilipofika mwaka 1940 na Wajerumani wanaukaribia mji mkuu, spika yule hakungoja. Asubuhi ile ile mfalme, mawaziri na wabunge wakapandishwa treni, wakaondoka. Baadaye akaitetea nchi yake akiwa ughaibuni, mpaka vita vikaisha na serikali ikarudi nyumbani.

"Kumbe inawezekana!" Valerian akasema, pweza amemkwama kooni.

Jamani, habari ya Wajerumani ilimpita kando. Alichokishika yeye ni ile treni. Lindi haina treni, basi asubuhi ya uchaguzi alidamka, akafunga muhuri, kidau cha wino na daftari la wakazi kwenye kanga ya mkewe, akadandia lori la chumvi hadi Sudi kwa dada yake, Emerensiana. Bila muhuri na daftari watachagua nini? Watamfuata wenyewe, tena kwa magoti!

Siku nne alikaa barazani, shati limenyooshwa, akiandika hotuba kwa wananchi walio chini ya uvamizi.

"Uvamizi gani, kaka?" Emerensiana akamuuliza. "Si Klementi huyo huyo aliyekuuzia hilo shati?"

Valerian akaendelea kuandika.

Siku ya tano akafika Restuta, mkewe. Valerian akasimama, akijikaza asitabasamu.

"Wamekutuma?"

"Wamenituma. Tulikungoja pale shuleni mpaka adhuhuri, mume wangu. Watu walikuja kukuchagua wewe. Klementi mwenyewe alikwishajitoa, akasema anamwonea haya mzee."

Valerian akauliza, "Halafu?"

"Msimamizi akasema asiyekuwepo hachaguliwi. Majina ya wakazi akayaandika kwenye karatasi ya shule, watu wakanyoosha mikono, wakanichagua mimi. Wakasema huyu angalau hajahama." Restuta akakinga kiganja. "Lete muhuri. Watu wana shida zao."

Akamkabidhi kifurushi chote, masikio yakimwaka kwa aibu.

"Sasa mimi nirudi kama nani?"

"Kama mume," alisema Restuta, akikagua wino. "Nafasi hiyo haijapigiwa kura. Lakini usinizoee, Valerian. Ukikimbia tena, naitisha mkutano."