Sherehe ya Nyoka wa Ziwa Moero

Séphora alikuwa mtaalamu wa nyoka, na watu wa Lubumbashi walimwonea huruma kama mwanamke aliyeolewa vibaya. Kisha, kwenye kisiwa cha mawe katika Ziwa Moero, akagundua nyoka wembamba wasio na sumu, ukoo mzima usiopatikana kwingine popote duniani. Walikuwa wamebaki wachache mno. Paka walioletwa na wavuvi walikuwa wakiwamaliza.

Habari zikamfikia Constantin, mwenye malori na maduka ya jumla, aliyekuwa akitafuta kitu cha kuwa rais wake. Akaunda comité, kamati ya kuwaokoa nyoka.

"Famille, ukoo mzima, unasema?" alimuuliza Séphora. "Na mukubwa wa famille ni nani?"

"Papa Constantin, haiko famille ya vile. Ni banyoka ba namna moja."

"Sawa. Lakini kila famille iko na mukubwa."

Séphora aliomba jambo moja tu: paka waondolewe kisiwani. Constantin akajibu kwamba paka wangengoja; kwanza wageni wa sherehe yake wawaone nyoka wenyewe. Séphora alikataa, akakataa tena, mwishowe akakubali, kwa kuwa bila gari la comité asingefika kisiwani tena. Akawaleta Lubumbashi dume na jike, akipakata sanduku la kioo barabara nzima ya Kasomeno.

Ukumbi ulijaa. Kila mgeni alivaa fulana ya kijani iliyoandikwa NYOKA NI NDUGU YETU. Mchungaji kutoka Ruashi aliwaombea nyoka, baada ya kumlaani kwanza yule wa Edeni ili pasiwe na kutoelewana. Constantin akahutubia mpaka bia zikapata moto.

"Mimi naweza kufa juu ya hii banyoka!" alisema, akafungua kifuniko cha sanduku ili picha zitoke vizuri.

Jike akateleza, akaangukia meza katikati ya sahani za samaki.

"Nyoka!" mtu akapiga kelele, kana kwamba walikuwa wamealikwa kuona mbuzi. Viti vikapinduka.

"Muache! Haiko na sumu!" Séphora alilia.

Constantin alikuwa amekwisha kunyakua stendi ya mikrofoni. Alimpiga jike, akampiga tena, akaendelea kupiga hata pale ilipokuwa meza tu inayopigwa.

"Ilinishtusha," alisema akihema. "Lakini bwana yake angali muzima, hapana?"

"Bwana bila bibi, papa, atazala na nani?"

Constantin akatafakari, kisha akaomba dakika ya kimya. Wageni wakasimama, wengine wakiwa tayari juu ya viti.

Séphora hakuingoja. Alibeba sanduku, akamkuta Guelor, dereva wa comité, akamwambia amrudishe ziwani. Alilia njia nzima. Kisiwani alimwachia dume kati ya mawe, kisha akaomba gunia kwa wavuvi na kuanza kuwakamata paka mwenyewe. Walimkwaruza mpaka mabegani.

Alikuwa bado katika kazi hiyo Constantin alipopiga simu. Comité ilikuwa inaandaa ibada kubwa ya kumkumbuka marehemu.

"Utatuletea mwingine, mama? Bantu banataka kumuona."

Séphora akazima simu, akamdaka paka shingoni.