Mwandiko wa Mzee Lu

Mwaka 1996 Mwalimu Aika alikuwa amestaafu, baada ya miaka ishirini na saba ya kuwafundisha watoto wa darasa la kwanza kuandika. Chumba cha uani cha nyumba yake ya Njiro alikuwa amempangisha Mzee Lu, mchoraji wa Kichina aliyemfuata mwanawe Jian, mwenye duka la chupa za chai mjini.

Kila asubuhi mzee aliandika barazani kwa brashi na wino mweusi. Mwandiko wake ulikuwa wa mbio: brashi hainyanyuki ovyo, alama moja inavutwa mpaka inaishika nyingine. Aika hakuweza kusoma hata moja, lakini mkono mzuri aliujua.

Wiki ile mkono ulibadilika. Mistari ilianza kulala upande. Wino ulituama pale ambapo zamani brashi ilikuwa ikipita tu. Alhamisi mzee aliiangusha brashi mara mbili.

"Jian, baba yako haumwi kweli?" Aika aliuliza jioni hiyo.

"Ah, Mwalimu!" Jian alicheka. "Hiyo ndiyo sanaa. Kuna hoteli inazitaka karatasi zote za wiki hii."

Aika akarudi jikoni.

Jumamosi alfajiri mzee aliondoka na dereva Lesikar kwenda Momela kuchora ziwa. Jian alipofika kuchukua karatasi, Aika alimzuia mlangoni.

"Usizisifu kwanza. Nisomee."

Jian akacheka, akashika ya Jumatatu. "Mvua inapita mlimani." Ya Jumatano aliisoma kwa kusitasita. Ya Ijumaa aliisogeza kwenye mwanga, akaigeuza. Kicheko kikamkauka.

"Inasemaje?"

"Haisemi kitu. Si maneno haya, Mwalimu."

Wakapanda gari la Jian. Wingu lilikuwa limeshuka Meru mpaka kwenye migomba. Karibu na ziwa Lesikar aliwajia mbio.

"Mzee hanijibu!"

Mzee Lu alikuwa ameketi nyasini, mdomo umepinda. Kwa mkono wa kushoto alikuwa akijaribu kuipachika brashi kwenye vidole vya mkono wa kulia, navyo havikushika.

Hospitali walisema ni kiharusi, na kwamba kilianza kumnyemelea siku kadhaa nyuma. Roho ilipona, mkono haukurudi.

"Ulijuaje?" Jian alimuuliza Aika kwenye korido.

"Nilijua Alhamisi," Aika alisema, bila kumtazama. "Nikakuacha ucheke."