Viganja vya Mawese

Kila Jumatatu, jua likishapanda kidogo, Mbaraka dobi aliteremka kutoka misheni na furushi la kanzu kichwani, akalitua barazani kwa Aruna, akaomba maji ya kunywa. Kanzu zilizofumuka zilibaki hapo. Zilizo nzima ziliendelea na safari hadi ziwani, zikafuliwe.

Misheni ilikuwa kilimani, kati ya Rumonge na Gatete, na mapadri wake walivaa kanzu nyeupe utadhani wanakwenda msikitini. Aruna ndiye aliyekuwa fundi pekee wa mwambao ule aliyejua kukata kanzu ikakaa begani bila kuvuta, kwa hiyo walimpa kazi yao bila kumwuliza anaswali wapi, naye akawashonea bila kuwauliza wanasali vipi. Shingo ya mtu ni shingo tu.

Hakumpima mteja mara mbili. Kila mmoja alikuwa na uzi wake, fundo la bega, fundo la kiwiko, fundo la kifundo cha mguu, na nyuzi zote zilining'inia kwenye kigingi nyuma ya mlango. Uzi wa Padri Anselmi ulizizidi zote kwa urefu, maana alikuwa pande la mtu.

Mwaka ambao Wadachi waliamuru vichaka vya ufukweni vifyekwe kwa sababu ya malale, Jumatatu moja, Mbaraka alichomoa kanzu ya Padri Anselmi kwenye furushi akaitandaza mkekani.

“Iko na mikono,” alisema.

Ilikuwa nayo kweli. Kuzunguka pindo lote, kuanzia chini hadi usawa wa goti, kulikuwa na alama za viganja vya mawese, vidogo, vyekundu, vidole vimekaza kama vya mtu aliyeshika ukingo wa mtumbwi asizame. Aruna aliihesabu mikono ya kushoto, kisha ya kulia. Yote ilikuwa kumi na mmoja, kila mkono wa mtoto wake.

“Umeifua?”

“Mara tatu, fundi. Na sabuni, na majivu, na ndimu. Inatakata vizuri kabisa. Naianika, na ikikauka tu, mikono inarudi.”

“Basi amerikani hii ni mbaya,” alisema Aruna, kwa sababu doa lisilotoka huwa ni kosa la nguo, na kosa la nguo ni la fundi aliyeichagua. Akautungua uzi mrefu, akakata kanzu mpya kwa kitambaa cha jora jingine. Padri Anselmi aliivaa Jumapili kwenye misa. Jumatatu Mbaraka aliileta, na mikono ilikuwa kumi na mmoja kama awali, kwenye nafasi zilezile.

Ndipo Aruna alipoinama kuitazama kwa karibu. Kiganja kimoja cha kushoto, karibu na mshono wa ubavuni, kilikuwa na kidole kidogo kilichopinda kutazama nje.

Akamwita mkewe. Salme alitoka jikoni akifuta mikono, akapiga magoti, akaweka kiganja chake juu ya kile cha mawese. Hakikulingana nacho hata kidogo.

“Huyu ni Butoyi,” alisema.

Butoyi alikuwa mtoto wa dada yake Salme, pacha wa pili. Bukuru, wa kwanza, alifariki angali mchanga, na mama yao alichukuliwa na malale. Kabla Salme hajapata habari za msiba, misheni ilikwishamchukua mtoto, ikamweka kwenye nyumba ya wasichana, ikambatiza Apolonia. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili. Asubuhi alitwanga ngazi, matunda ya mchikichi, na kukamua mawese pamoja na wenzake, na mchana Padri Anselmi aliwaita mmoja mmoja chumbani kwake, kuwafundisha sala. Miezi miwili kabla ya kanzu ile, kwenye chemchemi, Butoyi alimwambia mama yake mdogo kwamba kinachofanyika mle chumbani si sala. Alilisema mara moja tu, akijaza mtungi, na mtungi ulipojaa akaondoka.

Salme alimtuma mumewe akamchukue mtoto. Aruna alipanda misheni, akaambiwa kwamba aliyebatizwa hawezi kulelewa kwenye nyumba ya Kiislamu, akarudi. Hakubishana. Hawa walikuwa wateja wake, na njiani alikuwa na kanzu mbili za kushona mikononi. Aliona aibu kwa jambo lile, na aibu ile hakumwambia mtu.

“Safari hii nakwenda na kanzu,” alisema sasa. “Hii haiwezi kubishiwa.”

Alianzia serikalini. Alitembea kupitia Muhuta hadi Usumbura, kanzu imekunjwa kwapani, na bwana wa boma akaipokea kwa mikono miwili. Aliigeuza, akainusa pindo, akasema mawese ya Rumonge ni mazuri siku zote. Kisha akasema mambo ya mapadri huamuliwa na mapadri, na kwamba Askofu atapita mwambaoni mwezi ujao. Akamrudishia nguo yake ikiwa imekunjwa vizuri zaidi kuliko ilivyokuja.

Askofu alifika kwa mashua, mzee mpole mwenye ndevu nyeupe, Kiswahili chake amejifunza pwani. Hakuna aliyehitaji kumweleza habari ya mikono. Alikuwa ameiona kwingine, alisema, kwenye mwambao wa ng'ambo, ila kule ilikuwa ya unga wa muhogo.

Aliamuru uchunguzi ufanyike, na ukafanyika kwa utaratibu. Meza ilitolewa uani, kanzu ikatandazwa juu yake na kushikizwa kwa mawe pembeni. Wasichana walipangwa mstari. Kila mmoja alisogea, akaweka kiganja chake juu ya kiganja kimoja cha pindo, na karani wa Askofu akaandika jina. Kila mkono ulitosha mahali pake bila kupungua wala kuzidi. Padri Anselmi alikaa kivulini akisoma kitabu chake cha sala, amevaa kanzu nyingine, nayo ina mikono kumi na mmoja. Butoyi alikuwa wa saba. Aliweka mkono, kidole kikaingia kwenye kupinda kwake, akautoa, akarudi mstarini. Hakumtazama Aruna, ambaye alisimama pale mlangoni tangu asubuhi.

Ilipofika adhuhuri, Askofu alimwita.

“Fundi, wewe ndiwe uliyeleta habari hii. Wataka nini?”

“Nataka mutoto wetu, Baba Askofu. Huyu mwenye kidole. Mama yake mudogo anamungoja nyumbani.”

“Amebatizwa.”

“Najua amebatizwa. Lakini mikono umeiona.”

“Nimeiona.” Askofu aliifuta miwani yake kwa pindo la kanzu yake mwenyewe, ambayo ilikuwa safi. “Nitalifikiria ombi lako. Hebu niambie lakini, wewe mwenye ujuzi. Ni nguo gani isiyoonyesha mawese?”

Aruna alijibu. Alikuwa fundi kwa miaka ishirini na mitatu, na katika miaka yote hiyo mteja akiuliza habari ya nguo aliambiwa habari ya nguo.

“Ile iliyochemshwa kwa mawese yenyewe,” alisema, “pamoja na magome. Inatoka rangi ya udongo uliochomwa. Hapo hata ukimwagia chungu kizima, hauoni kitu.”

Maneno yalikuwa yamekwishatoka. Aliyasikia yakienda, mazuri, ya uhakika. Askofu alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike, akachukua kalamu kwa karani, akayaandika kwa mkono wake mwenyewe.

Uamuzi ulisomwa kanisani Jumapili, na Mbaraka ndiye aliyeuleta barazani. Wasichana walikuwa wakichafua nguo za mapadri, kwa hiyo tangu sasa watanawa kwa sabuni na majivu kabla ya mafundisho. Mapadri wote wa misheni watavaa kanzu za rangi ya udongo, na kazi apewe Aruna. Jambo lililopita lisizungumzwe, maana kulizungumza ni kulikuza. Padri Anselmi, aliyechoka kwa kazi nyingi, atahamia upande wa Kigwena, kunakofunguliwa kituo kipya chini ya michikichi.

“Na mutoto?” aliuliza Salme.

Mbaraka alikunywa maji yake hadi mwisho.

“Kituo kipya kinataka wasichana wanaojua mawese. Wanne wanakwenda kuanzisha nyumba. Butoyi iko kati yao.”

Waliondoka Alhamisi kwa mitumbwi miwili. Salme aliingia ziwani hadi kiunoni, nguo zake zote mwilini, akasimama pale. Mtumbwi wa wasichana ulipompita, Butoyi alitoa mkono wa kushoto nje akaupitisha majini, na maji yaliyofika kwa Salme yalikuwa na utando wa mafuta. Alirudi nyumbani hivyohivyo, akapika, akampakulia mumewe.

“Ulimjibu Askofu habari ya nguo,” alimwambia. Hakulirudia tena, na hapakuwa na haja.

Aruna alichemsha amerikani kwenye pipa, kwa mawese na magome, siku tisa. Rangi ilishika vizuri. Alishona kanzu za mapadri wote, na za yule mrefu alizishona kwa uzi wake uleule. Usiku hakulala sana, lakini mishono yake ilinyooka, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Jumatatu Mbaraka alipita na furushi la rangi ya udongo. Halikuwa na doa. Watu wa mwambao walizizoea kanzu zile upesi, wengine wakasema zinawapendeza mapadri kuliko nyeupe.

Baada ya masika, kanzu ya Padri Anselmi ililetwa kutoka Kigwena, pindo limefumuka. Aruna aliilaza gotini, akatia uzi sindanoni, akapitisha vidole kwenye pindo kutafuta ulipoanzia mfumuko. Hakuona kitu. Karibu na mshono wa ubavuni, mkono mdogo ulimshika kidole cha shahada.

Ulikuwa wa moto, una utelezi wa mawese, na kidole chake cha mwisho kilikuwa kimepinda. Aruna hakujitingisha. Alimwita mkewe, na Salme akaja akakaa mkekani, akaweka kiganja chake juu ya vyote viwili, cha mumewe na kile kisichoonekana. Mkono ule ulikuwa umekua kidogo. Walikaa hivyo hadi alasiri, na machozi ya Salme yalidondoka kwenye kanzu yasiache alama.

Mbaraka alipiga hodi. Mtumbwi wa Kigwena ulikuwa unaondoka, na kanzu ilitakiwa.

Salme aliondoa mkono wake, akageuza uso ukutani. Aruna akavikunjua vidole vile kimoja kimoja, taratibu, asije akaviumiza, akimalizia na kile kilichopinda. Halafu akashona pindo. Mbaraka aliipokea kanzu, akaigeuza kwenye mwanga, akasema imetoka safi.