Kupita Juu ya Khisa

"Mzee, umekata kona tena!" Cheptanui alisema, macho yake kwenye kompyuta. "Picha imeharibika."

Sitati akairudisha mashua. Kazi yake pale ziwa Naivasha ilikuwa kubeba watalii: mgeni akinyoosha kidole, yeye anageuza, anasogea. Leo kila kivuli kilipojitokeza kwenye kioo cha kompyuta, mkono wake ulikikimbilia wenyewe. Alikuwa anamtafuta mdogo wake, Khisa, aliyezama Jumapili akitega nyavu.

Nyumbani Kimilili wazee walikuwa wamechoka kungoja. Kesho wangezika mgomba mahali pake, kama desturi inavyotaka mwili ukikosekana. Mama yao alikataa hata kuutazama.

"Lakini madam, nikiona kitu, si niende nikione vizuri?" Sitati aliuliza.

Cheptanui, binti wa chuo aliyekuja na mtambo wa kuazima, wa kutafuta vitu chini ya maji kwa sauti, kutoka Nakuru mjini, hakukasirika. "Huku chini ya mashua nimefunga masikio mengi ya mtambo kwa mstari. Tunapiga sauti, inagonga kitu, inarudi. Sikio moja linaipata mapema, lingine linachelewa kidogo. Kompyuta inangojesha ya kwanza mpaka ya mwisho ifike, ndio inaziunganisha. Ukikata kona, hesabu yote inavurugika. Na huku ziwa limemeza miti mob, mingi ajabu. Yote inakaa kama mtu."

Wakaanza upya, polepole, kando ya mafunjo. Kwenye kioo kikatokea kitu kirefu kilichokunja magoti. Mkono wa Sitati ukaanza kuvuta usukani.

"Usigeuze," Cheptanui alinong'ona. "Pita tu. Tutarudi na ule upande mwingine. Kama ni mti, tutajua."

Akapita. Akampita ndugu yake kama mtu asiyemjua, mkono umekaza usukani, machozi yakimfika kidevuni. Hakuwa amewahi kufanya kazi ngumu kama ile.

Waliporudi, magoti yalikuwa palepale. Safari hii na mkono ulionekana.

"Pole sana, mzee. Ni yeye."

"Asante," Sitati alisema. "Mungu akubariki, madam. Asante." Akairudia asante hiyo kwa ule mtambo, akairudia kwa maji yenyewe yaliyokubali kumtoa. Uchungu ulikuwapo, tena mkali, lakini shukrani iliutangulia. Khisa angerudi nyumbani.

Kwenye mashua ya pili, iliyokuwa ikingoja kando, wapiga mbizi walianza kuvaa mitungi yao. Sitati alivua koti, akapangusa maji sakafuni, akalitandaza hapo pa kumlazia mdogo wake, kisha akapiga magoti kulinyoosha mikunjo.