Kontena Nyuma ya Ghala

Bomba lilipasuka ndani ya ukuta wa chumba cha Merrick Haddow wakati sote tuko mezani. Aliporudi alikuta maji yamejaa sakafuni, na kwa kuwa hita nayo ilikuwa imezimika, yalikuwa yameshaganda. Godoro lilikuwa gumu kama ubao, viatu vimenasa kwenye barafu.

Haddow alikuwa mpima hali ya hewa wetu. Philippa Garrod, mkuu wa kituo chetu cha utafiti kwenye barafu, alimwambia ahamie kwa Brodie Teague, fundi wa jenereta, aliyekuwa na kitanda cha pili. Mimi mpishi nilikuwa nakusanya sahani, nikaziona nyuso zao. Walikuwa hawajasemeshana tangu Teague amwambie Haddow mbele ya watu kwamba ananuka. Ni kweli alinuka. Maji yetu tuliyapata kwa kuyeyusha theluji tuliyoichota kwa zamu, na Haddow aliona bora asioge kuliko kushika koleo.

Teague alibandika utepe mweusi katikati ya chumba.

"Kule kwako, huku kwangu. Mlango uko kwangu. Ukitaka kutoka, omba."

"Nikuombe wewe?"

"Basi kojolea dirishani."

Dirisha lenyewe halikuwa la kufunguka.

Waligombana kwa kila kitu. Haddow alizima hita, eti hapati pumzi, Teague akaiwasha. Haddow alikoroma; Teague akamrushia kiatu. Asubuhi moja Haddow alitoka kuoga, maana hatimaye alioga, akakuta matandiko yake yametupwa nje kwenye theluji. Aliyakung'uta, akachukua jiko la mafuta na redio, akahamia kwenye kontena la zamani nyuma ya ghala.

Garrod alimkataza. "Dhoruba inakuja, Merrick. Si wewe mwenyewe uliyetuambia?"

"Ndiyo. Heri hiyo dhoruba kuliko yule."

Dhoruba ikaja, jengo zima likawa linatetemeka. Tulipomwita Haddow kwenye redio, mwanzoni alijibu kwa matusi. Baadaye hakujibu kabisa. Teague alikuwa anakunywa supu ya maboga. Alipoinua kichwa akakuta tunamtazama.

"Msiniangalie mimi."

Akasukuma bakuli, akaenda kuvaa na kuchukua koleo. Nilitoka naye, kwa sababu kwetu mtu hatoki peke yake, tukashika kamba iliyofungwa kutoka mlangoni hadi ghalani. Upepo ulinibwaga kifudifudi. Tulizunguka ghala kwa kupapasa ukuta; kontena hatukuliona, tulijua tumefika pale koleo la Teague lilipogonga bati. Mlango ulikuwa umefukiwa. Akachimba, upepo ukarudisha theluji, akachimba tena, huku akitukana matusi nisiyoweza kuyarudia.

Haddow alikuwa amejikunyata kwenye kona, ndevu zimeganda, jiko limezimika. Akafumbua macho.

"Umekuja kunicheka?"

"Nimechoka kupiga koleo zamu zako. Simama."

"Usiniguse."

"Simama, mshenzi wewe."

Hakuweza. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Teague akamfunga ndani ya mfuko wake wa kulalia kama mzigo, tukamburuta kando ya kamba. Njia nzima Haddow alimtukana; mengi yalichukuliwa na upepo.

Daktari wa kituo alimkata vidole viwili vya mguu wa kushoto. Nilipompelekea chakula nikamwambia angalau amshukuru Teague.

"Nimshukuru? Nani aliyenitoa chumbani?"

Nilimfikishia Teague maneno hayo. Akaguna.

"Afadhali. Angeshukuru, ningelazimika kumjibu."

Haddow alilala zahanati hadi majira ya baridi yakaisha. Meli ilipokuja, alitembea kwa magongo, na Garrod akamwomba Teague ambebee begi. Teague alilibeba hadi chini ya ngazi ya meli, akalitua kwenye theluji iliyogeuka tope, akarudi kwenye jenereta zake. Haddow alisimama pale kando ya begi, hakumwita, mpaka baharia mmoja akashuka kulichukua.