Spika Bado Hazijafunguka

Mume wangu alinunua spika mbili zenye kimo cha mtoto wa chekechea, akazisimamisha sebuleni, moja upande huu na moja upande ule wa cherehani yangu, kisha akanipiga marufuku kuzizima. "Spika mpya ni kama kiatu kipya," aliniambia. "Lazima zilie kwanza mchana kutwa, ndipo zifunguke." Nikamuuliza zitafunguka lini. Akasema subira huvuta heri.

Heri yenyewe sikuiona. Nilishona sare za shule huku ngoma zikinigonga mbavuni. Wateja wakija kupimwa tulifokeana kama wagomvi. Jirani wa juu alitugongea sakafu kwa mpini wa ufagio. Na kila jioni mume wangu akirudi kutoka mazoezi ya kwaya, aliketi kwenye kiti chake, akainamisha kichwa, akasikiliza kidogo, akasema, "Bado. Sauti za juu hazijatoka." Kisha akaongeza sauti.

Kwangu mimi sauti za juu zilikuwepo, tena zilinitoboa. Lakini mimi ni fundi nguo. Mwenye masikio ni yeye. Huyu ndiye mwalimu aliyeweza kuisimamisha kwaya nzima katikati ya wimbo na kumnyooshea kidole mwanamke mmoja wa mstari wa nyuma aliyeshuka kidogo tu. Basi nikaamini ameuziwa takataka, na hadithi ya kufunguka ni ulaghai wa duka ili achelewe kuzirudisha. Hasira zangu zote nikampelekea muuza spika.

Nilifika dukani na futi ya kupimia ingali shingoni.

"Wewe ndiye uliyemwambia mume wangu spika zinataka kuzoeshwa?"

"Hapana, mama. Yeye ndiye aliyeniambia mimi."

"Usinichezee."

"Wapo wanaoamini hivyo, nami sibishani na mteja. Ila mimi huwaambia, washa, sikiliza, usipoipenda irudishe. Mara nyingi kinachozoea ni sikio." Akapangusa vumbi lisilokuwepo mezani. "Mwalimu alirudi hapa kuniuliza sauti za wanawake zitatoka lini. Nikamwashia spika zangu za dukani, hizi zinazolia kila siku. Akasema nazo bado. Na nilipokuwa naongea, alikuwa ananitazama mdomo."

Nikasema, "Na ukanyamaza?"

"Ningeanzaje, mama? Mimi muuza spika tu."

Njia nzima nilikuwa nawaka. Masikio ni mwili, na mwili huchakaa, hilo halinikasirishi. Kilichonichoma ni kufanywa mjinga ndani ya nyumba yangu. Kama dawa ilikuwepo, tulikuwa tunaipoteza kwa kungojea masanduku ya mbao yalie. Nikakumbuka na jingine. Nina sauti ya mnadani, na tangu tuoane wimbo wake ulikuwa mmoja: "Punguza sauti, mke wangu, niko hapa hapa." Mwaka huu hakuniambia hata mara moja. Nami nikawa najisifu kwa majirani kwamba mume wangu siku hizi amekuwa mpole.

Nilimkuta kitini, amefumba macho, mgongo kwa mlango. Leo hakuweka ngoma. Aliweka wimbo wa wanawake watupu wa kwaya yake, wanapanda juu kabisa, na glasi kabatini zinalia nao. Sikumsalimu. Nilikwenda moja kwa moja ukutani nikang'oa plagi.

Nyumba ikanyamaza. Kidole chake kiliendelea kupiga mapigo ya wimbo kwenye mkono wa kiti, taratibu, bila kukosea. Nikasimama mbele yake. Alipofumbua macho akaniona, akatabasamu.

"Leo afadhali," akasema. "Sauti za juu zimeanza kuja."

Nikainua plagi aione.

Aliitazama weee, kisha akanitazama mdomo. "Umezima tangu lini?"

"Na wewe umenidanganya tangu lini?"

"Tamasha la kwaya likiisha ningekuambia."

"Uongo."

"Uongo," akakubali. "Niliogopa wataniondoa kwenye kwaya. Na wewe nilikuogopa zaidi. Ungeanza kunihurumia, uniongeleshe polepole kama mgonjwa."

Huruma ilikuwepo, lakini siku hiyo nisingempa hata chembe.

"Huruma utaipata kwa daktari," nikamwambia, "kesho asubuhi, na mimi nitakuwa nimekaa kando yako. Kwangu utapata makelele."

"Hayo bado nayasikia," akasema.

Nikavuta kigoda cha cherehani, nikakaa mahali ambapo angeuona vizuri mdomo wangu, nikaanza kumfokea upya tangu mwanzo. Jirani wa juu akagonga na ufagio wake. Sikupunguza sauti.