Chaneli ya Popo

Fainali ya mpira ilikuwa imebakiza saa moja kuanza, na fundi wa rauta za kampuni ya televisheni alikuwa bado katika chumba cha mitambo, amevaa sweta kwa sababu ya kiyoyozi. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza: picha hutoka kwenye chanzo mara moja tu, na kila rauta, yaani kifaa cha kuielekeza, iliyo njiani huinakili pale tu penye nyumba iliyoomba. Watumaji na waombaji hukutanishwa na rauta moja ambayo mafundi waliiita Makutano. Meneja alishamwambia kwamba mpira ukikwama, ajihesabu hana kazi.

Alipoikagua Makutano alikuta chanzo cha pili ambacho hakukiweka yeye. Asubuhi, akifanya majaribio, aliiacha ipokee mtumaji yeyote, akapanga kuifunga, kazi zikamzonga akasahau. Popo alipitia hapo.

Popo alikuwa kaka yake, fundi wa minara, mtu wa kula chakula cha mchana akiwa ananing'inia. Alianguka kutoka mnarani mwaka jana, akafa. Sasa alikuwa kwenye skrini, amekaa juu ya mnara uleule.

"Mkanda wa usalama ulikatika," alisema, kwa sauti ya msoma hali ya hewa. "Niliomba mwingine mwezi mzima."

Kisha akarudia maneno yaleyale.

Ripoti ya kampuni ilisema ni uzembe wake. Tangu mama yao asomewe ripoti hiyo, hakumtaja tena mwanawe mbele za watu.

Meneja, ambaye kwa kisogo mafundi walimwita Bwana Baadaye, aliingia huku jasho likimtoka. Alimtambua Popo, akauliza kama anachukua nafasi kubwa kwenye laini. Fundi alimjibu ni kidogo. Akauliza ni nyumba ngapi zimemwomba. Karibu mji mzima, na zinaongezeka.

"Mkate huyo," meneja aliamuru.

"Kumkata naweza, bosi. Sitaki. Mama anamtazama."

Kati ya nyumba zilizoomba alikuwa ameshaiona ya mama yake. Bwana Baadaye aliangalia saa, akaona hana mtu mwingine wa kuisimamia fainali, akasema watalizungumza baadaye. Mpira ulichezwa hadi mwisho bila kukwama.

Ofisi kuu ilimpa Popo namba ya kudumu, jirani na chaneli ya mapishi, kwa kuwa wateja walimzoea. Mama alisogeza kiti karibu na televisheni, akawa anamgombeza kwa kukaa kwenye upepo bila koti. Ripoti haikuguswa.

Kisha dishi la mnarani likalegea. Ndilo lililokuwa likipeleka picha upande wa kwa mama, naye alikuwa ameshapiga simu kulalamika kwamba mwanawe anakatikakatika. Nafasi ya Popo kazini haikuwa imejazwa, kwa hiyo Bwana Baadaye alimpa fundi wa rauta mkanda. Ulikuwa uleule, umeungwa kwa waya pale ulipokatika. Aliuliza mpya uko wapi, akaambiwa baadaye.

Aliufunga kiunoni chini ya mnara, mbele ya kibanda cha mlinzi. Kwenye televisheni ya kibandani Popo aliyaacha maneno yake ya kila siku.

"Usiutegemee huo, mdogo wangu," alisema. "Shika chuma. Nitakuambia kipi."

Mlinzi aliongeza sauti ili fundi amsikie kaka yake vizuri hata akiwa juu, naye fundi akaanza kupanda.